Betri Huzeeka Baiskeli Ikiwa Imesimama

Baiskeli ya umeme iliyoegeshwa juani mchana kutwa Kariakoo au Mombasa huchakaa bila kutembea hatua moja. Mota haijazunguka, tairi halijakanyaga shimo, lakini joto linakula betri ya lithiamu polepole. Na betri, kwa kawaida, ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye baiskeli hiyo. Matunzo yaanzie hapo.

Betri hizi huumia zikikaa zimekauka kabisa, na huumia pia zikikaa zimejaa pomoni kwa majuma. Kungoja chaji iishe ndipo ichomekwe ni desturi ya betri za nikeli za zamani, lithiamu haiitaki. Anayesafiri aiache ikiwa na nusu hivi, mahali pakavu penye ubaridi. Ikitoka juani, ipoe kwanza ndipo ichajiwe.

Chaja inataka macho zaidi. Betri ya volti 36 huwa na mfululizo wa seli 10, na kila seli hujaa ikifika volti 4.2, kwa hiyo chaja yake hutoa volti 42. Ile ya volti 48, ambayo mara nyingi ina seli 13, inataka 54.6. Tatizo ni kwamba plagi za chaja hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Chaja kubwa ikichomekwa kwenye betri ndogo, kinachobaki kuzuia maafa ni sakiti ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, nayo kwenye betri za bei chee huwa hafifu. Namba iliyoandikwa mgongoni mwa chaja isomwe kila inapoazimwa au kununuliwa nyingine.

Huo si woga wa bure. Mwaka 2023, jijini New York, ambako wapeleka vyakula wengi hutumia baiskeli hizi, betri za lithiamu zilisababisha moto mara 268 na watu 18 wakafa. Septemba mwaka huo jiji lilianza kupiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama. Zimamoto wa huko husisitiza jambo ambalo nyumba zetu za chumba na sebule zinalihitaji sana: betri isichajiwe karibu na mlango, maana moto ukizuka mlango huo ndio njia pekee ya kutokea.

Mengine fundi baiskeli wa mtaani anayaweza. Uzito na mwendo humaliza pedi za breki mapema, na mota ya katikati hula mnyororo. Rula inatosha kuupima: kwenye mnyororo mpya, inchi 12 huanzia katikati ya pini na kuishia katikati ya pini. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishwe kabla haujaharibu meno ya gia. Pwani, chumvi ya hewa huleta kutu kwenye viunganishi vya waya, hivyo kitambaa chenye unyevu kidogo kinafaa kuifutia baiskeli. Mashine ya maji ya presha haifai kabisa.

Pancha ya gurudumu lenye mota kitovuni ndiyo inayomshinda fundi asiyeizoea. Washa yenye jino lazima irudi mahali pake na nati zikazwe barabara. La sivyo, mota ikivuta, ekseli hujizungusha yenyewe na kuukata waya wake.