Hasira za kipilefti: Niliyoyaona Nairobi yasije yakahamia Tukuyu

Haya jamani, wale wenzangu mnaodhani foleni ya Mwanjelwa jioni ndiyo mwisho wa matatizo, kaeni mkao wa kula. Foleni bado hamjaiona. Panda basi, vuka Namanga, ushuke Nairobi saa kumi na moja jioni, halafu ndiyo tuongee.

Sisi watoto wa Tukuyu tumekulia kwenye mvua, ukungu na kona. Barabara yetu ya Uyole mpaka mpakani Kasumulu ni miteremko mitupu, na malori ya Malawi yanashuka humo humo pamoja na Noah za abiria na bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi. Kwa hiyo hofu ya barabarani tunaijua. Ila tunachoogopa sisi ni breki kukataa. Nairobi nilikuta watu wanamwogopa dereva mwenzao!

Ilikuwa pale Globe, karibu na Ngara, kwenye kipilefti ambako barabara kibao zinakutana na kila mtu anataka awe wa kwanza kufika kwake. Nimesimama pembeni na mwenyeji wangu tunangoja kuvuka, mara matatu moja ikachomeka pua mbele ya gari dogo. Kwaa! Saiti mira chini.

Kitu chenyewe ni cha kununua dukani, yaishe. Lakini wee! Mwenye gari dogo, baba mtu mzima, suti na tai, akateremka mbio akamkwida dereva wa matatu kupitia dirishani. Konda, ambaye kule wanamwita makanga, naye akaruka na spana ya kufungulia magurudumu. Nyuma honi zinalia utadhani harusi. Watu badala ya kuamua, wengine wanashangilia.

Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja abiria, na kikapu chake mkononi. Alishuka taratibu, akasimama katikati yao, akamwambia yule wa spana: "Kijana yangu, ukimuua huyu mzee, mimi nitafika nyumbani saa ngapi? Na wewe utafika lini?"

Spana ikashuka. Kila mmoja akarudi garini kanuna. Mwenyeji wangu wala hakushtuka. "Hiyo ni ya leo," akasema, "kesho iko ingine."

Msije mkadhani Wakenya wamezaliwa na hasira. Dereva wa matatu ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku, sawa na daladala zetu. Kila dakika anayokaa kwenye foleni inamla mfukoni. Mwenye gari dogo naye kachoka, kafokewa kazini, ana njaa. Halafu kubwa kuliko yote, hawajuani. Unayemtukana leo humwoni tena maishani.

Serikali yao ilijaribu. Februari 2004 zilianza kutumika zile sheria za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: matatu zote mwendo usizidi kilometa 80 kwa saa, mikanda kwa abiria, sare kwa dereva na makanga, mstari wa njano ubavuni. Spidi gavana zikafungwa. Gavana ya hasira haijatengenezwa mpaka leo.

Na hasira ikipata kundi, ni balaa. Machi 2022, hapo hapo Nairobi, kwenye barabara ya Wangari Maathai, waendesha bodaboda walimzingira dereva mwanamke kwa madai kuwa kamgonga mwenzao, wakamdhalilisha ndani ya gari lake. Video ikasambaa, nchi nzima ikashikwa na aibu, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako.

Kwetu bado tuna kinga moja. Ukimtukana dereva pale Kiwira leo, kesho unakutana naye msibani, au unakuta ndiye mjomba wa mchumba wako. Anakusalimia "Ugonile," unatamani ardhi ipasuke. Aibu hiyo ndiyo trafiki wetu asiye na sare. Lakini mji unakua, bodaboda zinaongezeka, na sura ngeni zinazidi kila siku. Siku tutakapoacha kujuana, spana zitatoka chini ya viti.

Kwa hiyo mshikaji, ukichomekewa, mpishe. Mkigusana, simama, andika namba, mwite trafiki, na ukiteremka usiwe na kitu mkononi. Ukiwa abiria, usishangilie. Fanya kama yule mama wa kikapu. Saiti mira inauzwa dukani, jicho la mtu haliuzwi.