Jiwe halimdai mgonjwa kitu

Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti mfupi uliotokana na mafaili ya hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa wote walikuwa wamepasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo. Kati yao, 23 walilazwa kwenye vyumba vyenye madirisha yaliyotazama miti. Wengine 23, waliolingana nao kwa umri, jinsia na hata uvutaji wa sigara, waliona ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi.

Watu 46 ni wachache. Hata hivyo, utafiti huo ulizaa swali zito: kama dirisha tu linaleta nafuu hiyo, itakuwaje mgonjwa akitolewa nje, akiwa na mtu anayejua anachokifanya?

Swali hilo lilifanyiwa kazi Alnarp, kusini mwa Sweden, kwenye chuo kikuu cha sayansi za kilimo. Mwaka 2002 ilifunguliwa hapo bustani ya tiba ya takriban hekta mbili, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu ambao msongo wa kazi na maisha umewamaliza, hadi kusoma ukurasa mmoja kunawashinda. Waliowapokea walikuwa timu: mtaalamu wa tiba ya saikolojia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msanifu wa bustani, mtunza bustani, na mwingine anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku.

Mawazo ya hapo yana deni kwa Johan Ottosson, aliyeumia ubongo katika ajali. Mwaka 2001 aliandika jinsi alivyopona. Mwanzoni, kilichomtuliza kilikuwa mawe. Mimea ilifuata, na watu baadaye kabisa. Jiwe halibadiliki, halingoji jibu. Ua linataka kidogo, kwa sababu linanyauka. Binadamu, hata anayekupenda, anakutazama akisubiri useme kitu. Kutokana na mawazo kama hayo Patrik Grahn, mtafiti wa Alnarp, na wenzake walijenga nadharia yao: kadiri mtu anavyozidi kudhoofika, ndivyo mazingira yake yanavyopaswa kumdai kidogo.

Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa fani hii ya tiba ya bustani, na ndiyo sababu inasomewa hadi shahada ya uzamili. Kumpeleka mtu bustanini ni rahisi. Kujua ni kona ipi inamfaa leo kunahitaji kusomea. Chukua kitu kidogo kama mche wa nyanya. Ukimkabidhi aliyeanza kupata nafuu, atafurahi kuona kuna kinachomtegemea. Ukimkabidhi aliyechoka kupita kiasi, nao ukakauka, umemwongezea ushahidi kwamba hawezi chochote. Vivyo hivyo kivuli kizito cha miti: mmoja ataona kimemficha na macho ya watu, mwenzake aliyewahi kuvamiwa porini atatetemeka. Huyo anahitaji kiti chenye ukuta mgongoni na uwazi mbele.

Nini hasa hutokea kichwani? Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha, ule wa kupiga hesabu au kuendesha gari mjini, huchoka. Majani yanayopeperuka huvuta macho bila kuyalazimisha, na umakini uliochoka hupumzika. Mwaka 2008 mtafiti Marc Berman na wenzake, huko Ann Arbor, Marekani, waliwapima watu kwa kuwatajia tarakimu na kuwataka wazirudie kinyumenyume. Waliotoka kutembea kwenye bustani ya miti waliimarika. Matembezi ya barabarani mjini hayakuleta nafuu kama hiyo.

Haya hayaondoi vidonge wala ushauri wa daktari. Lakini vyuo vyetu vya uuguzi vingeweza kuanza na somo moja tu: muuguzi anapomtoa mgonjwa kukaa chini ya mwembe wa hospitali, ajifunze kutambua ni lini amwache hapo bila kumuuliza lolote, na ni lini ampe kopo la kumwagilia.