Mionzi, Utumbo na Makopo ya Unga

Ndugu wafanyakazi, baadhi ya wenzetu, hasa akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, hupigwa mionzi sehemu ya nyonga. Mionzi huua upesi seli zinazozaliana kwa haraka, na utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Seli mpya zikikosekana, chakula hakiingii mwilini vizuri, maji hupotea, mgonjwa huharisha.

Hapo ndipo wachuuzi huleta makopo ya glutamini, ati inakinga utumbo. Ni kweli seli hizo huitumia kama chakula, na panya wa maabara iliwasaidia. Lakini katika majaribio ya wagonjwa wa nyonga haikuzuia kuharisha. Tunasema wazi: mshahara wa kibarua usiishie huko!

Maji ndiyo ya kwanza: lita 1 iliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bila kilele. Anywe kidogo kidogo. Maziwa yakizidisha kuharisha, ayaache kwa muda. Akiona damu, homa au kizunguzungu, aende hospitali siku hiyo hiyo; msimamizi akimnyima ruhusa, mwakilishi wa tawi aambiwe.