Je, Wajua? Kahawa, Kaburi na Senene wa Buhaya

Je, wajua kwamba kwa Mhaya wa mkoani Kagera, Tanzania, kahawa haianzii kwenye kikombe? Ukifika ugenini kijijini Muleba, kabla chai haijachemka, unasogezewa kijikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Ni robusta iliyochumwa bado haijaiva, ikachemshwa na majani yenye harufu, kisha ikakaushwa na ganda lake. Unaibana kwa jino la pembeni, ganda linapasuka, unalitema, halafu uchungu unaanza kutambaa ulimini. Sukari usiulize.

Na je, wajua kwamba tunda hilo hilo lilifunga udugu? Ndani yake hukaa punje mbili zilizolaliana. Marafiki waliotaka kuchanjiana walijikata kidogo karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka punje yake damu, akampa mwenzake aile. Udugu huo ukaitwa omukago, na kumsaliti mwenzako baada ya hapo lilikuwa jambo la kutisha. Emin Pasha alipofungua kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, mikahawa ilikuwa migombani zamani, na kazi ya kahawa haikuwa biashara ya Ulaya.

Je, wajua kwamba rubisi hukanyagwa? Ndizi mbivu humiminwa kwenye mtumbwi wa mbao, wanaume wakazikanyaga pamoja na nyasi hadi maji yatoke, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Kesho yake pombe iko tayari. (Miguu huoshwa kwanza, kwa wanaouliza.)

Je, wajua kwamba Katuruka, upande wa Maruku, palikuwa na mti mtakatifu uitwao Kaiija? Masimulizi ya wazee yaliuhusisha na uhunzi wa kale. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba, na kweli akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Baadaye, mwaka 1976, wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya wakayeyusha chuma mbele yake. Siri ilikuwa kwenye mirija ya udongo: iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kukutana na makaa. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyachapisha hayo mwaka 1978. Waparsi wa India, wanaolinda moto hekaluni usizimike, nadhani wangeiona heshima ya tanuri lile haraka kuliko sisi tuliozoea kiberiti.

Kwenye maziko, lakini, Mparsi na Mhaya wanaachana njia. Kwa Waparsi ardhi ni takatifu, kwa hiyo kwa desturi yao ya kale maiti hupelekwa kwenye mnara ulio wazi juu, wala haizikwi. Mhaya humzika wake kibanjani, katikati ya migomba inayomlisha. Ndiyo maana ukimwambia mzee auze kibanja anakutazama kama uliyemtukana: unamtaka auze na baba yake.

Je, wajua kwamba kadinali naye alisubiri kaburi? Laurean Rugambwa, mtoto wa Bukongo, Muleba, aliyesoma seminari ya Rubya, alitangazwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960 kuwa Mwafrika wa kwanza mweusi kuvaa kofia nyekundu zama hizi. Alifariki Desemba 1997, akazikwa kwa muda Kashozi, kwenye misheni iliyofunguliwa mwaka 1892. Alikaa huko hadi Oktoba 2012, ndipo akahamishiwa kanisa kuu la Bukoba.

Tukiwa hapo hapo: Protase Rugambwa, aliyefanywa kadinali Septemba 2023, alizaliwa Bunena, Bukoba, Mei 1960. Kofia ya Laurean ilikuwa na miezi miwili tu.

Je, wajua kwamba mbegu ya Ulutheri wa Bukoba haikupandwa na mzungu? Wahaya waliotoka Uganda na Biblia ya Kiganda walikuwa wakisoma na kusali pamoja kabla wamisionari wa Kijerumani wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Mwisho, senene. Novemba mvua zikikolea, taa kali huwashwa usiku, mabati yanasimamishwa, wadudu wanagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Jirani zetu Waganda wameuita mwezi huo Museenene. Asubuhi kina mama na watoto wanakaa barazani wakinyofoa mabawa na miguu, vidole vikiteleza kwa mafuta, na kikaangoni senene hukaangika kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu vikifuata. Mambo ya Walawi 11:22 inaruhusu nzige na jamaa zake. Uislamu nao unaruhusu nzige aliwe bila kuchinjwa. Kwa hiyo Bukoba mgeni anayesukuma sahani kando asisingizie dini. Aseme tu anaogopa yale macho.