Simu ya Pesa, Irekodi

Mteja akitapeliwa kwa simu, swali la kwanza tunalomuuliza ni: alikwambia nini hasa? Wengi hawakumbuki. Wanakumbuka sauti ilikuwa ya upole, na kwamba mpigaji alijua jina lao kamili. Maneno yenyewe na kiasi kilichotajwa vishayeyuka.

Kwa wateja wetu wa visiwa vya Lamu, jambo hili lina uzito zaidi. Mvuvi wa Kizingitini anakubaliana bei ya kamba koche na mnunuzi wa Mombasa kwa simu. Mama wa Faza anatuma karo ya mtoto anayesoma bara. Mtu wa Siyu analipa arbuni ya mashine ya boti ambayo hajaiona kwa macho. Mkizozana, kumfuata mwenzako ni boti hadi Mokowe, kisha basi, na wakati wa kusi bahari ikichafuka hata hiyo boti huenda isiondoke. Makubaliano yote yamo ndani ya ile simu.

Unarekodi vipi?

Simu nyingi za Android zina sehemu ya kurekodi: fungua programu ya kupigia, ingia kwenye mipangilio, itafute. iPhone nazo zilipata kitufe hicho kwenye iOS 18.1, mwaka 2024. Huenda sauti ikatangaza kwa nyote wawili kwamba mnarekodiwa. Usiogope. Mfanyabiashara mkweli ataendelea kuongea. Tapeli akisikia akikata, hujapoteza kitu.

Simu yako haina? Usisakinishe programu uliyotumiwa na mtu kwa WhatsApp. Inaweza kusoma meseji zako za pesa. Una kabambe? Weka spika, na simu nyingine ya nyumbani irekodi kando. Dakika kumi huchukua takriban MB 5 tu.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inasamehe matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani. Lakini ukiisambaza rekodi kwenye grupu la mtaa, hayo si ya nyumbani tena. Njia salama ni kumwambia mwenzako mwanzoni: "Bwana, narekodi ili tusisahau bei." Maneno machache, na heshima inabaki.

Rekodi ikihitajika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Kwa hiyo usiikate wala kuihariri. Hifadhi faili ya asili, na nakala kwingine. Andika tarehe, saa na namba iliyopiga.

Rekodi haifanyi nini

Rekodi hairudishi pesa. Na mtu akikuuliza PIN, usibaki kwenye laini eti upate ushahidi. Kata hapo hapo. Hakuna mfanyakazi wetu anayeuliza PIN. Usiitaje pia kwa sauti simu ikirekodi, kwa sababu atakayeishika simu yako ataisikia.

Anayedai amekutumia pesa kimakosa, kata kwanza, angalia salio lako. Meseji inaweza kuwa ya uongo; salio ndilo lenye ukweli.

Umeshatapeliwa?

Tupigie mara moja kupitia namba rasmi ya huduma kwa wateja, si namba iliyokupigia wala uliyotumiwa kwa meseji. Tupe namba ya muamala. Kisha nenda kituo cha polisi, andikisha, na udai namba ya OB. Hapo ndipo rekodi yako inapokuwa na kazi: polisi watasikia walichoahidiwa masikio yako, neno kwa neno.

Leo jioni jaribu na mtu wa nyumbani. Mpigie, rekodi dakika moja, kisha isikilizeni pamoja. Ni bora ujue kitufe kilipo kabla ya siku utakayokihitaji.