Figo Changa na Homoni Zinazobana Mishipa

Askari aliyekwisha kupimwa presha amesikia daktari akiilaumu mishipa iliyobanana. Kwa mtu mzima lawama hiyo ni ya haki. Lakini kwa kiumbe kilichozaliwa jana, kiwe mwanakondoo, panya au binadamu, mbano uo huo ndio unaoiwezesha figo kufanya kazi.

Mwaka 1898, mjini Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman waliwadunga sungura maji yaliyotokana na figo za sungura wenzao, wakaona shinikizo la damu likipanda. Kitu hicho wakakiita renini. Baadaye ilifahamika kuwa renini yenyewe haibani mshipa. Huanzisha tu mfululizo wa amri, na mtekelezaji wa mwisho ni homoni iitwayo anjiotensini.

Figo ina vichujio vidogo mno, na kila kimoja kina mshipa wa kuingizia damu na mwingine wa kuitolea. Anjiotensini hubana zaidi ule wa kutolea. Polisi waliosimamia vizuizi vya barabarani wataelewa upesi: ukibana njia ya kutokea, msukumo hubaki ndani. Msukumo huo ndio unaopenyeza maji na taka zikawe mkojo.

Figo za mnyama mzima hupata takriban sehemu moja ya tano ya damu itokayo moyoni. Za mwanakondoo aliye tumboni hazipati hata sehemu 5 kwa 100, kwani kondo la nyuma humfanyia kazi hiyo. Akizaliwa, figo hupewa zamu ghafla, ingali kuruta. Shinikizo lake la damu ni dogo. Pasipo anjiotensini, kuchuja kungefifia. Ndiyo maana renini ni nyingi katika damu ya wachanga.

Hata hivyo mbano ukizidi ni hatari. Kichanga akikosa hewa, damu huelekezwa kwenye moyo na ubongo, figo zikanyimwa, mkojo ukapungua au ukakatika kabisa.

Jambo zito zaidi limeonekana kwa panya. Huyu huzaliwa figo zake zikiwa zinajengwa bado, kwa muda wa wiki moja hivi. Akipewa siku hizo dawa ya kuzuia anjiotensini, hupata kasoro ya kudumu: figo hushindwa kuhifadhi maji ipasavyo. Panya mzima akipewa dawa hiyo hiyo hapatwi na kasoro hiyo.

Binadamu hujengewa figo tumboni mwa mama. Kwa hiyo kaptoprili na enalaprili, vidonge ambavyo askari wengi wenye presha huvimeza, havifai kwa mjamzito; wamepata kuzaliwa watoto wasiotoa mkojo kwa sababu hiyo. Mke mjamzito asiguse vidonge vya mumewe, na aliyekwisha kuvimeza amwone daktari bila kukawia. Ziko dawa nyingine za presha wapewazo wajawazito, methildopa ikiwa mojawapo.