Vielezi Katika Kauli za Kutopenda

Mfasiri akikosea jina la kitu, msomaji huweza kuligundua kosa kwa kukitazama kitu chenyewe. Lakini akikosea kiasi cha chuki au cha kutoridhika, kosa hilo hujificha, na madhara yake huenda mbali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vielezi vya Kiingereza vinavyopunguza au kukoleza kauli za kutopenda, na njia ambazo Kiswahili kinazo za kubeba tofauti hizo.

Tuchukue mfano wa chai, zao linalojulikana sana Mufindi mkoani Iringa na Rungwe mkoani Mbeya. Tuseme mnunuzi mmoja wa ng'ambo ameionja chai na kuandika, "I don't really like this tea." Mwingine ameandika, "I really don't like this tea." Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni mahali pa kielezi tu. Katika sentensi ya kwanza ukanushi umekitangulia kielezi, kwa hiyo kinachokanushwa ni kiasi cha kupenda: "Siipendi sana chai hii." Katika ya pili kielezi kimeutangulia ukanushi na kuutilia nguvu: "Kwa kweli siipendi chai hii." Mkulima akiletewa tafsiri ya pili mahali pa ile ya kwanza, ataamini kwamba chai yake imekataliwa, hali mnunuzi alisema tu kwamba haikumridhisha vya kutosha. Pengine kuzingatia uchumaji wa majani mawili na chipukizi kungetosha kuirekebisha.

Kiswahili hakifuati njia hiyo, kwa kuwa kielezi cha kiasi kwa kawaida hukaa baada ya kitenzi, kikanushwe kisikanushwe. Matokeo yake ni kwamba neno moja hufanya kazi mbili zinazopingana. Katika "siipendi sana", neno "sana" hupunguza. Katika "naichukia sana", neno hilo hilo hukoleza. Vivyo hivyo "inanichukiza kidogo" ni kauli laini, bali "siipendi hata kidogo" haiachi nafasi ya mazungumzo. Kwa hiyo mfasiri asitafute neno moja la Kiswahili kwa kila kielezi cha Kiingereza. Aipime kwanza sentensi nzima, ndipo achague.

Ngazi hizi zaweza kumsaidia, kuanzia kauli laini hadi kali:

1. Haijanivutia sana.
2. Siipendi sana.
3. Siipendi.
4. Siipendi hata kidogo.
5. Naichukia.

Walimu nao wajihadhari na "hardly". Mwanafunzi hulidhania kuwa ni ndugu wa neno lenye maana ya bidii au ugumu, kumbe lenyewe lina ukanushi ndani yake. Anayesema "I hardly like it" hakupenda kwa nguvu. Kupenda kwake ni kudogo mno, karibu na kutokuwapo.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahakamani. Kwa miaka mingi, katika mahakama zilizo juu ya Mahakama za Mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo kumbukumbu za zamani zingali zahitaji kufasiriwa. Tuseme shahidi wa Iringa au Mbeya alitamka, "Simpendi sana jirani yangu." Aliyeandika kwamba shahidi anamchukia mno jirani yake amegeuza ubaridi wa ujirani kuwa uhasama, na uhasama waweza kuchukuliwa kuwa ndiyo sababu ya kutenda kosa. Hapo kielezi kimoja kimegusa uhuru wa mtu.

Twapendekeza basi kwamba kila mfasiri, akiisha kuandika kauli ya kutopenda, ajiulize maswali mawili: Kinachokanushwa ni kupenda kwenyewe, au ni kiasi chake? Je, msemaji mwenyewe angesikia tafsiri hii, angekubali kwamba ndivyo alivyosema? Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na mfasiri hujikwaa kwa ulimi wa mwenziwe.